Barua ya Kampuni ya Feri

Kila asubuhi Ragnfrid, mhariri wa gazeti dogo la kisiwa cha Skarvøy, alipitia orodha ya barua zilizoingia halmashauri. Ilikuwa haki ya kila raia wa Norwe. Jumanne moja akakuta barua ya kampuni ya feri ambayo kichwa chake cha habari kimefichwa. Akavaa koti, akavuka theluji hadi kwa meya Eilert, mtoto wa baba yake mdogo.

"Nipe hiyo barua."

"Bado mapema, dada. Utawatia watu kiwewe bure."

"Mapema kwa nani? Wewe si umeshaisoma?"

"Sisi damu moja, bwana!"

"Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu. Mgeni angeshakushtaki mkoani."

Eilert akaguna, akaitoa. Kuanzia Machi, feri ya alfajiri ingefutwa, ile iliyowavusha wafanyakazi wa kiwanda cha samaki.

Kesho yake barua nzima ilitoka ukurasa wa kwanza. Jioni ukumbi ukafurika, hata bibi mmoja wa miaka tisini akapanda kiti kusema yake. Eilert, aliyekuja akitarajia kuzomewa, akajikuta ana kisiwa kizima nyuma yake. Akaipigia kampuni, akadai feri ya alfajiri ibaki. Wiki mbili baadaye feri ikaachwa kama ilivyokuwa.

Akampigia Ragnfrid. "Haya, umeshinda."

"Hongera, mdogo wangu. Sasa niambie mnayopanga kuhusu shule, na fanya haraka, ukurasa nafunga saa nane."