Magitaa Matatu ya Mchanga Jazz

Mzee Mulongo aliogopa kitu kimoja tu duniani: kuibiwa nyimbo. Kule Kalemie, bendi zilizopiga kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika zilikuwa zikipasuka kila mwaka. Kijana anajifunza wimbo, anatoroka na wenzake wawili, na Jumapili inayofuata yuko hatua mia mbili kutoka ulipo, anaupiga kama wake. Basi Mulongo alipoanzisha Mchanga Jazz, mwaka wa sitini na tisa, aliweka sheria. Kila mpiga gitaa alifundishwa peke yake, nyumbani kwa Mulongo, mlango umefungwa. Wa solo hakujua cha wa kati, wa kati hakujua cha wa solo. Gitaa la tatu, lile linaloushikilia wimbo mzima, Mulongo alilipiga mwenyewe na hakumfundisha mtu. Wakishafika ufukweni, amri ilikuwa moja: msisikilizane, nisikilizeni mimi.

Sheria ilifanya kazi. Kwa miaka ishirini na saba, kila Jumapili kuanzia saa tisa, watu wa reli na wa bandari walicheza peku mpaka mchanga ukaingia kwenye maspika, na hakuna aliyetoroka na wimbo hata mmoja. Mwenye redio ya kaseti alifukuzwa. Kisha vita vikaja, bendi ikavuka ziwa, ikaishia kambini upande wa Kigoma, na huko Mulongo akaugua. Walimwomba awaachie sehemu yake. Akawaambia, "Tukirudi Kalemie." Akafa wiki hiyo hiyo.

Philippe ndiye aliyekuwa wa gitaa la kati. Sasa ana miaka sabini na miwili, anakaa Edmonton, ile ya London, chumba kimoja ghorofa ya nne, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeanza kufa ganzi. Amefagia maofisi ya watu mpaka akastaafu. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa akiipiga sehemu yake, polepole, asije akaisahau. Hakuisahau. Katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee alichokijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Wa solo, Ghislain, aliokoka akawa mchungaji huko Tottenham, mtaa wa jirani. Miaka kumi na mitano alikataa kugusa muziki wa dunia. Lakini Jumanne iliyofuata alikuwa anahamia Kanada kwa binti yake, moja kwa moja, na Agathe akamwangukia. Agathe ni kitinda mimba wa Mulongo, anahudumia wazee kwenye kea homu. "Wimbo mmoja tu, papa pasta," alimwambia. "Maji ya Saa Kumi. Watoto wananiuliza babu alipiga nini, nawaonyesha picha. Picha itawaambia nini?"

Kwa hiyo Jumamosi mchana walikutana watatu kwenye chumba cha kwaya cha Ghislain, nyuma ya duka la nywele. Kwaya ilikihitaji chumba saa tisa. Agathe akaweka simu juu ya kiti, akabonyeza.

Ghislain akaanza. Mikono yake ilikuwa mizima, solo ikatoka safi kama maji ya bomba. Philippe akasubiri, akaingia.

Haikukaa.

"Yaya, umechelewa," Ghislain akasema, akimwita kaka mkubwa kama walivyozoea kwao.

"Weye ndiye umekimbia. Unapiga kama unakusanya sadaka."

"Na weye kama unatafuta funguo mfukoni. Twende tena."

Wakaenda tena. Philippe akaingia mapema kidogo, na safari hii ikakaa, ikatembea vizuri kabisa, Agathe akaanza kutikisa mabega. Lakini Philippe alijua kuwa sio. Ulikuwa wimbo, tena mzuri, ila haukuwa ule. Akasimamisha. Wakajaribu tena: akaingia nusu pigo baadaye, na huo nao ukawa wimbo mwingine, wa huzuni kidogo. Mara ya sita, mara ya saba. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake kamili, hakuna noti iliyopotea.

"Ulikuwa ukiingia wapi?" Ghislain akauliza. Hakuwa akitania tena.

"Mzee alikuwa ananitikisia kichwa."

"Wakati huo miye nimefika wapi?"

Miaka ishirini na saba Philippe alikuwa akikitazama kichwa cha Mulongo. Ghislain alisimama kuliani kwake, hatua tatu, na Philippe hakuwahi kumsikiliza hata siku moja. Alikatazwa, akatii.

"Na weye?" akauliza. "Unakumbuka nilikuwa naingia wapi?"

"Yaya, miye nilikuwa namtazama yeye."

Agathe aliwaangalia kwa zamu. "Ile ya pili niliipenda sana. Siyo yenyewe?"

Nje, mtu alikuwa akicheka dukani kwa sauti kubwa.

"Mpe hiyo," Ghislain akamwambia Philippe taratibu. "Nani atajua?"

"Miye."

"Weye na nani mwingine?"

Philippe alifikiri sana. Aliwapitia wote kichwani, mpiga ngoma, wa besi, waimbaji wawili, akawakuta wote walipolala makaburini. "Miye tu," akasema. Kisha akamgeukia Agathe. "Mwanangu, futa hizo zote."

"Papa Philippe, nisibaki na kitu?"

"Futa. Watoto wasije wakasema huyo ndiye babu yao."

Akafuta, moja moja, midomo imebana. Saa tisa kasoro kumi. Watu wa kwaya walikuwa wameshaanza kuongea koridoni. Agathe akafuta macho kwa kiganja, akasema basi kila mtu apige ya kwake, peke yake, angalau vipande viwepo. Ghislain akapiga dakika nne za solo. Zamu ya Philippe ilipofika, mchungaji akasimama akatoka, akajifungia nje bila mtu kumwambia. Hata Agathe hakumwuliza.

Baadaye, Philippe na Agathe walisimama kituoni kusubiri basi la Edmonton. Agathe alikuwa na spika za masikioni, akamwekea Philippe moja. "Sikiliza, papa, umetoka vizuri."

Philippe akasikiliza. Hakuwahi kujisikiliza kwenye rekodi hata mara moja, kwa kuwa kaseti zilikatazwa na chumbani alikuwa akiusikia ule wimbo wote kichwani. Sasa hapakuwa na wimbo. Kulikuwa na gitaa moja linarudiarudia kitu kile kile, linasimama, linarudia tena, kama mtu aliyeingia dukani anajaribu gitaa la watu na hana nia ya kununua.

"Inaendelea hivi mpaka mwisho?" Agathe akauliza.

"Ndiyo," Philippe akasema. "Mpaka mwisho."