Chaneli ya Kumi na Saba

Kaka yangu tulimzika miezi mitatu iliyopita, na chaneli ya kumi na saba bado inagonga.

Kigunduzi tulikibuni wawili, tukigombana kila hatua. Ni sahani za silikoni zinazozunguka bomba ambamo viini vya atomu hugonganishwa. Kaka alishikilia kwamba gluoni, zile chembe zinazovigundisha viini hivyo kwa ndani, zikisongamana kupita kiasi huanza kumezana. Kwa hiyo karibu kabisa na bomba tungehesabu chembe chache kuliko wengine walivyotarajia. Ndiyo maana alitaka pete ya ndani, mduara wa sahani unaolikaribia bomba kuliko zote. Kamati ya mradi ilimwona ana kichwa kigumu, nami nilikuwa upande wa kamati.

Chaneli ya kumi na saba, mojawapo ya nyaya zinazoleta hesabu kutoka kwenye sahani, iko kwenye pete ya majaribio ya wazo lake hilo, ubavuni mwa bomba. Aliilehemu mwenyewe wiki yake ya mwisho kazini, mikono ikimtetemeka, akakataa nimsaidie. Sasa inahesabu hata mtambo wa kugonganisha viini ukiwa umezimwa. Tumeiunga kwenye spika ndogo, kama chaneli yoyote tunayoipima: ta, ta-ta, kimya, ta. Mafundi wakipita pale hukaza mwendo. Mimi huisalimia, na digrii zangu zote.

Kanuni yetu inajulikana: chaneli inayosema bila mtambo kuwaka inazimwa, haihesabiwi tena. Hii niliiacha wazi, nikisingizia uchunguzi. Mjane wake, wifi yangu, huja kila Ijumaa, anavuta kiti, anasikiliza.

Ijumaa hii kamati ilinipa hadi saa tisa alasiri niuonyeshe upungufu aliousema kaka. Grafu ya hesabu za pete ya majaribio haikuonyesha upungufu wowote, kwa hiyo pete ya ndani ingefutwa kwenye mchoro wa kigunduzi. Niliikodolea macho hadi yakaniuma, ndipo nikauona ujinga wangu. Pale ambapo upungufu ungeonekana, chaneli ile ilikuwa imepajaza kwa kugonga kwake. Kaka alikuwa akijipinga mwenyewe, nami ndiye niliyemwachia.

Wifi alikuwa ameinamia spika. Nilimweleza yote, hata lile la mikono kutetemeka. Aliinua kichwa kutoka kwenye spika.

"Ukimzima, watamwamini?"

"Nadhani."

"Basi mzime wewe, wifi. Mimi sitaweza."

Nikazima. Grafu ikajichora upya, na karibu na bomba mstari ukashuka, vilevile kaka alivyokuwa akituchorea ubaoni tukimcheka.

Alikuwa sahihi. Niligeukia spika nimwambie, na wifi akanishika mkono.