Mlolongo wa Dahabo

Dahabo Dukicha alitangaza kugombea huku akipima maziwa. Hakuitisha mkutano wala hakutuma mtu. Wanawake walikuwa wamemzunguka sokoni Garsen na chupa zao, na jirani yake Kanze, Mgiriama muuza mchicha na mahindi, alikuwa akisoma kwa sauti tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa duka: uchaguzi wa kamati ya tawi la chama, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, uwanja wa shule, kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya amtakaye.

"Katibu atakuwa yuleyule," Kanze akasema. "Nani wa kushindana na Gollo?"

"Mimi," Dahabo akajibu, akaendelea kumimina.

Kanze alidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni akaona sivyo, na sababu aliijua. Garsen nzima iliijua, ila hakuna aliyeitamka.

Mwaka mmoja na miezi minne nyuma, mwisho wa 1997, mto Tana ulikuwa umetoka kitandani mwake ukalala mashambani. Kijiji cha Dahabo kilibaki kilima kidogo katikati ya maji. Juu ya kilima hicho binti yake wa pekee, Abdia, alishikwa na uchungu wa kuzaa siku mbili, mtoto hatoki. Tawi la chama lilikuwa limepewa mashua ya injini ya kubebea wagonjwa, na ufunguo alikuwa nao katibu, Gollo. Gollo hakuwa mtu baki. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Dahabo, baba mdogo wa Abdia.

Dahabo alimtuma Kadenge, Mpokomo mwenye mtumbwi mdogo usioweza kubeba mgonjwa aliyelala, akaombe mashua. Kadenge alirudi na jibu kwamba injini imeharibika. Lakini njiani alikuwa amepishana na mashua hiyohiyo, injini inanguruma, imejaa magunia ya sukari na mabati kutoka dukani kwa Gollo. Alasiri Abdia akafa, na mtoto tumboni. Gollo alikuja mazikoni. Alilia kwa sauti kuliko wote, na pilau akala.

Wazee walimwambia Dahabo ni kadari ya Mungu, asivunje ukoo. Akanyamaza. Lakini hasira haikumtoka. Kila alfajiri alikamua ng'ombe wake wanne waliosalia kwa mikono ya hasira, hata wakazoea kusogea kando wakimwona anakuja.

Habari ya kugombea ilifika kwa wazee kabla maziwa ya siku ile hayajaisha. Jioni Mzee Jaldesa, ami wa marehemu mume wake, alikuja akaketi kwenye kigoda.

"Kiti kile ni cha nyumba yetu," akasema. "Mkigombana ndani, kitachukuliwa na watu wa nje. Tena mwanamke hasimami mbele za watu ahesabiwe kama ng'ombe wa mnada."

"Ng'ombe wa mnada hutazamwa meno, mzee, mtu akataka kujua hali yake. Mimi tangu niolewe hakuna aliyeniuliza kitu."

"Tutakutafutia nafasi ya akina mama."

"Naijua hiyo. Ni ya kupika chai wageni wakija. Mpeni Gollo, labda atapika vizuri."

Mzee aliondoka bila kumaliza maziwa aliyopewa, jambo ambalo kwa wafugaji wa Kiorma si dogo.

Dahabo na Kanze walitembea mwezi mzima, nyumba kwa nyumba. Si kwamba walipokelewa kote. Mkulima mmoja, Pekeshe, aliwazuia langoni na jembe mkononi.

"Nimchague Mworma? Ng'ombe wenu wamekula mahindi yangu mwaka jana."

"Wa nani?"

"Wenu."

"Wangu walikufa na maji, wamebaki wanne, na kila mmoja ana jina. Nitajie aliyekula mahindi yako nikulipe leo hii. Kama huwezi, basi usiniwekee mdomoni mahindi ya mtu mwingine."

Pekeshe akashusha jembe, akafungua lango.

Shida kubwa ilikuwa kadi za chama. Nyingi zilikwenda na mafuriko. Wenyewe walikuwa wameomba mpya tangu mwaka uliopita, na zilikuwa zimefika, zikawekwa dukani kwa katibu. Kila walipokwenda kuzichukua waliambiwa warudi kesho.

Jumamosi ikafika. Msimamizi aliyetumwa kutoka wilayani alivaa kofia ya chama na miwani myeusi, akapewa meza na mwavuli. Wagombea walisimama umbali wa hatua ishirini, kila mmoja amegeukia watu. Filimbi ikapulizwa, watu wakapangana.

Wanawake wa sokoni walikuja nyuma ya Dahabo, nyuma yao wavuvi wa Kadenge, na wakulima, Pekeshe akiwa kati yao. Hata vijana wa Kiorma waliokuwa wamekatazwa na baba zao walikuja, wamejifunika vilemba. Mlolongo ulipita goli la mpira ukakunja kona kufuata ua wa shule. Wa Gollo uliishia katikati ya uwanja. Mtu hakuhitaji kuhesabu. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe, Dahabo alihisi kifua kimefunguka.

Ndipo lori likaingia.

Lilikuwa lori la Gollo. Wanaume walishuka wakijipangusa vumbi la safari ndefu, kila mmoja na kadi mpya mkononi, wakaunga mkia wa mlolongo wa Gollo. Hakuna aliyewafahamu. Mmoja alimuuliza Kanze choo kiko wapi. Na mtu aliyeshuka upande wa dereva alikuwa Nuh, mume wa Abdia.

Wakati wa mafuriko Nuh alikuwa mbali, amepeleka mifugo nchi kavu. Mifugo ilikufa, na aliporudi akakuta kaburi. Gollo akamwajiri udereva. Dahabo hakuwahi kumwambia habari ya mashua. Aliona kijana ameshabeba vya kutosha.

Msimamizi aliinuka mezani. "Nahesabu wenye kadi tu," akasema. "Asiye na kadi atoke."

"Kadi zetu zilichukuliwa na maji," Kanze akasema. "Na mpya ziko dukani kwa huyo hapo, amezikalia."

"Mimi sijui mambo ya maduka."

Wakatolewa mmoja mmoja. Mlolongo wa Dahabo ulirudi nyuma kutoka kwenye ua, ukapita goli, ukafupika mbele ya macho yake kama kamba inayovutwa. Sabini na mmoja wakabaki. Wa Gollo tisini na wawili. Gollo akainua mikono kuomba utulivu, ingawa hapakuwa na kelele.

"Tusilaumiane, ndugu zangu," akasema kwa upole. "Kadi ni mali ya mtu. Anayejua thamani ya kitu chake hukiokoa maji yakija."

Dahabo alisikia maneno hayo yakimwingia masikioni na kushuka hadi miguuni. Alitoka alipokuwa amesimama, akavuka uwanja hadi mbele ya shemeji yake. Hakupiga kelele. Waliokuwa mbali walisogea ili wasikie.

"Wewe uliokoa sukari," akasema. "Uliokoa mabati. Abdia alikuwa juu ya kilima anakuita baba, na mashua ya wagonjwa ikapita imebeba sukari yako. Kadenge yuko hapa, mwulizeni. Halafu ukaja kwangu ukalia, nikakupakulia chakula kwa mikono hii. Sasa niambie thamani ya kitu changu, Gollo. Nitajie."

Mzee Jaldesa alitazama chini. Kutoka mlolongo wa wageni mtu mmoja akauliza, "Mashua gani?" Akaambiwa anyamaze.

"Matokeo yameshaandikwa," msimamizi akasema, akakunja karatasi.

Dahabo hakumsikia. Alikuwa ameshageuka kuelekea lori, alikosimama Nuh ameegemea mlango.

"Watu hawa umewatoa wapi?"

"Madogo, mama."

"Umesikia niliyosema sasa hivi?"

"Nimesikia." Nuh alikuwa akichezea funguo. "Nilikuwa najua. Kadenge aliniambia wiki ileile niliyorudi."

Dahabo alishika kioo cha lori. "Ulijua. Na bado ukaendesha gari lake."

"Sikubakiwa hata na ndama, mama. Ningekula nini?"

Mpaka saa ile hasira yake ilikuwa na mwenyewe mmoja. Sasa ikapata wa pili, na huyu wa pili alikuwa amekula naye sahani moja Idi mbili mfululizo, wakikumbushana Abdia alivyopenda kucheka. Akaachia kioo, akaondoka.

Hakulala na kushindwa kule. Christine, binti wa Kanze, mwalimu wa shule ya msingi, aliandika malalamiko kurasa tatu. Watu mia moja na kumi waliweka sahihi au dole gumba. Dahabo, Kanze na Kadenge wakapanda basi hadi ofisi ya chama ya wilaya huko Hola, wakakataa kuziacha karatasi kwa karani wa mlangoni, wakakaa barazani tangu asubuhi hadi ofisi inafungwa. Kesho yake wakarudi kukaa. Siku ya tatu wakapewa tarehe ya kusikilizwa.

Kikao kilikuwa cha watu watano. Gollo alikuja na shahidi wake, na shahidi alikuwa Nuh. Dahabo alipomwona akiingia na shati jipya alikaza mtandio kichwani akatazama ukuta.

"Waeleze," Gollo akasema. "Lori lilikwenda Madogo kuchukua nini?"

"Mbuzi," Nuh akasema.

"Mmesikia."

"Tuliambiwa ni mbuzi," Nuh akaendelea. "Tulipofika hapakuwa na mbuzi. Nilipakia wanaume thelathini na wanane. Kadi waligawiwa njiani, hapahapa Hola, kwenye hoteli ya stendi. Nilimwona Gollo akigawa mwenyewe."

Gollo alimgeukia kama mtu aliyeumwa na mbwa wake. Uchaguzi ukafutwa, ukaamriwa urudiwe, na kadi zote zitolewe dukani. Baadaye Dahabo alidokezwa kwamba mwenyekiti wa kikao alikuwa na ugomvi wake wa zamani na Gollo, ndiyo maana haki ilitembea upesi. Hilo nalo lilimkasirisha. Alitaka kushinda kwa kuwa alikuwa na watu, si kwa sababu wanaume wawili wamekosana mahali asipopajua.

Uchaguzi wa pili hakukuwa na lori. Dahabo alipata watu mia moja thelathini na mmoja, Gollo hamsini na wanane. Gollo alikuja kumpa mkono mbele ya watu, akitabasamu.

"Haya, shemeji. Tumekupa kiti."

"Hamkunipa," Dahabo akasema, na mkono hakuupokea. "Lete ufunguo wa mashua."

Nuh alifukuzwa kazi siku ileile aliyotoka Hola. Hata baada ya uchaguzi yalipita majuma mawili kabla hajathubutu kuja. Alikuja asubuhi kwa miguu, akasimama nje ya nyumba akapiga hodi, akasubiri kama mgeni. Dahabo alikuwa akijitayarisha kwenda kwenye kikao chake cha kwanza. Alitoka na kikombe cha maziwa, kwa kuwa mtu akifika mlangoni hupewa maziwa hata kama ni nani, akamkabidhi bila kumtazama.

Nuh alikunywa yote. "Nilisema ukweli, mama," akasema.

"Ulisema ukweli wa lori."

"Nilipoteza kazi kwa ajili yako."

"Si kwa ajili yangu. Na mwanangu je? Mwaka mzima na zaidi unajua, unaingia humu, unakula, unanipa pole. Ukweli wa Abdia hukuusema hata siku moja. Nilikuwa nakuficha, kumbe wewe ndiye unayenificha."

Nuh alisimama na kikombe kitupu, machozi yakimlenga. Zamani Dahabo angemwonea huruma. Aliitafuta huruma hiyo moyoni, akaona haipo, labda ingekuja mwakani, labda isije kabisa. Kanze alikuwa ameshafika njiani, anamwita wasichelewe.

"Ng'ombe wamepelekwa upande wa mtoni na hawana mchungaji wa kuaminika," Dahabo akasema, akichukua kikombe. "Kama unataka kazi, nenda kawachunge. Jioni utakamua, utaacha maziwa hapo mlangoni. Ndani usiingie."

"Sawa, mama."

Akafunga mlango kwa komeo, akajitanda mtandio, akamfuata Kanze. Walipofika kwenye ukumbi wa tawi walikuta wajumbe wanaume wameshaketi, viti vyote vimejaa, na cha katibu kimewekewa koti la mtu. Dahabo alilinyanyua lile koti kwa vidole viwili, akaliweka sakafuni, akaketi.

"Fungueni kikao," akasema.