Nyuzi Zilizolegezwa

Madaktari walimtoa uvimbe kooni, wakamwachia uhai, lakini sauti ikaenda na uvimbe. Hayo ndiyo yaliyomkuta mwimbaji wa bendi, miezi miwili kabla ya kurekodi albamu yao ya kwanza. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono tu.

Bendi ilikuwa ya watu watatu. Yeye, mwenye sauti nyembamba ya juu, aliimba na kupiga gitaa. Mdogo wake wa kike alipiga gitaa la besi, na kila mtu alimwita Besi. Wa tatu alikuwa mpiga dramu, Kishindo, ambaye hata mlango hajawahi kuufunga taratibu. Walipiga roki, ila si ile ya kufuata mkumbo: nyimbo zao zilinung'unika polepole, kisha zikalipuka pale usipotegemea. Zote zilitungwa na kaka.

"Utaimba wewe," kaka alimwambia Besi.

"Kaka, mimi nimezoea kusimama nyuma."

"Basi sogea mbele."

Studio ilikuwa karakana ya zamani ya seremala, magodoro yamegongomelewa ukutani kuzuia mwangwi. Asubuhi ya kwanza Besi alivaa visikilizio, akaimba. Sauti ilipanda hadi kwenye kiitikio, ikakwama, ikapasuka. Akarudia mara sita. Ng'ambo ya kioo, kando ya fundi wa sauti, kaka alikuwa ameinamisha kichwa.

"Pumzika kidogo, mwanangu," fundi alisema. Alikuwa mama mtu mzima, si mwingi wa maneno.

Kaka akaingia chumbani. "Huo wimbo hauimbwi hivyo."

"Nionyeshe basi unavyoimbwa!"

Neno lilikwisha kumtoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Kaka alimtazama, akachukua koti lake, akaondoka.

Kishindo akaweka vijiti chini. "Nimebamiza milango maisha yangu yote," alisema. "Wewe umeubamiza bila hata kuugusa."

Siku tatu kaka hakuonekana studio. Nyumbani alijifungia, mama akawa anamwachia chakula mlangoni. Siku ya nne Besi alibisha hodi, akamkuta amekaa kitandani, simu sikioni, anasikiliza rekodi ya mazoezi ya mwaka jana, akiimba mwenyewe.

"Nisamehe, kaka. Ulimi hauna mfupa."

Alizima simu. "Nikikusikia ukiimba," alinong'ona, "naona kama mtu kavaa nguo zangu nami bado ni mzima."

Besi akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la kaka yake kama alivyofanya utotoni.

"Tena nguo zenyewe hazikutoshi," kaka akasema. "Ndiyo maana unatapatapa. Kosa ni langu, nimekuvisha bila kukupima."

Kesho yake alifika studio kabla ya wote. Alichukua gitaa, akalegeza uzi mmoja baada ya mwingine, akamwashiria Besi alegeze za kwake, mpaka wimbo ukashuka hadi pale ilipokuwa sauti ya mdogo wake. Kishindo alitandika kitambaa juu ya ngoma ili zisimfunike. Besi akaimba. Haukuwa tena wimbo ule. Ulikuwa mzito zaidi, na kiitikio kilitoka kifuani bila kupasuka. Ulipokwisha, kaka aligeukia ukuta, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Tena," alisema.

Waliimaliza albamu kwa siku kumi na moja. Nyimbo nane aliimba Besi. Wa tisa, ule wa kumkumbuka baba yao, kaka hakuweza kumpa mtu. Fundi alipendekeza watumie sauti ya kaka iliyo kwenye simu, mwenyewe akakataa katakata. Wakaupiga kwa ala tupu.

Jumapili walimsikilizisha mama, sebuleni. Alitulia nyimbo nane zote. Wa tisa ulipoanza, akageuka huku na huku.

"Huu mbona hauna maneno?"

Besi alimtazama kaka yake. Kaka akasogeza kiti, akainama sikioni mwa mama, akamnong'onezea ubeti baada ya ubeti, akifuata mapigo, mpaka wimbo ukaisha.