Ratiba ya Siku Saba Osaka

Siku ya kwanza: ngome ya kale, kisha chai ya moto. Siku ya pili: jumba la samaki, saa tatu nzima. Siku ya tatu: maduka ya chini ya ardhi, ambako upepo wa baridi haufiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa ratiba yangu ya Osaka, Januari 2009, na chini yake palikuwa na sahihi yangu mimi, Mwadi, mkazi wa Evere huku Ubelgiji, ninayesafisha nyumba za watu kule Uccle. Sikuwa na hamu ya ngome wala samaki.

Mwanangu Hénock alikuwa amelazwa huko. Alikwenda kusoma uhandisi. Kabla ya Noeli wakamkuta na kansa ya damu, na baada ya Mwaka Mpya mapafu nayo yakaanza kushindwa. Nassoro, kijana wa Tanga aliyekaa naye chumba kimoja, ndiye aliyenipigia simu.

"Mama, fanya uje. Madaktari hawasemi sana, lakini fanya uje."

Ofisi ya viza ya Japani ilitaka karatasi inayoonyesha nitafanya nini kila siku, asubuhi na mchana. Ningeweza kuijaza mwenyewe. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa masomo ya jioni, na mwalimu alikuwa ametufundisha kujaza fomu, jina kwanza, tarehe baadaye. Lakini niliogopa makosa yangu. Nikaenda kwa Papa Modeste, shemasi wetu, mwenye duka la simu na kompyuta karibu na Porte de Namur. Karatasi za nusu ya kanisa letu zimepita mikononi mwake.

"Maman Mwadi, mambo ya hopitali usiandike hata kidogo," aliniambia. "Bakisikia muntu anaenda kuona mugonjwa, banasema huyu atabakia kule. Njo vile balimukatalia dada yangu. Tuandike touriste. Touriste anakuya na feza yake, anarudia kwake."

"Lakini papa, hii ni uongo."

"Haiko uongo, iko programme! Ukishafika, nani atakufuata kuangalia kama uliona samaki? Bon, saini hapa."

Alifungua kwenye kompyuta ukurasa wa mambo ya kufanya Osaka siku ya baridi, akanakili. Kufikia siku ya sita yalikuwa yamemwishia, akafungua ukurasa mwingine. Nilimwomba Mungu anisamehe kabla sijaishika kalamu. Jumanne nikaipeleka karatasi ofisini.

Ijumaa asubuhi wakaniita. Mama wa dirishani alikuwa Mbelgiji wa makamo, akinisemesha Kifaransa polepole ili nielewe.

"Siku ya sita umeandika kwamba utatembea kando ya mto kutazama maua ya micheri."

"Ndiyo, madame."

"Huu ni Januari. Maua hayo hufunguka Aprili."

Niliitazama sahihi yangu chini ya karatasi.

"Na samaki, saa tatu nzima? Unawapenda hivyo?"

Hakuwa akinicheka. Alikuwa akinitazama kama mtu anayesubiri.

"Hakuna hata neno moja la kweli hapo," nikasema. "Mtoto wangu anakufa."

Sikuwahi kulitamka neno hilo. Hata katika maombi nilikuwa nikisema anaumwa.

Nilimweleza yote. Alivua miwani yake. "Kwa nini hukutuambia? Kwa jambo kama hili tunaharakisha. Ungesema Jumanne, jana ungekuwa na viza." Alipoona uso wangu, nadhani alijuta kusema. Akaongeza haraka kwamba inahitajika barua ya daktari, kwa faksi, kabla dirisha halijafungwa saa sita.

Ilikuwa saa nne na nusu. Osaka jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nikampigia Nassoro, nikamweleza kuhusu barua.

"Mama, ofisi ya hospitali hapa chini imefungwa."

"Tafuta munganga, mwanangu. Yeyote iko na kalamu."

"Sawa, napanda juu. Usikate."

Nilisikia viatu vyake vikikimbia, nikasikia akisema Kijapani na mtu, akirudia jina la mwanangu. Kisha vocha yangu ikaisha.

Mama yule akanipa fomu mpya. Nikaandika kwa mkono wangu, herufi moja moja. Siku ya kwanza: hospitali. Siku ya pili: hospitali. Mara saba. Aliisoma, akanionyesha safu ya kushoto.

"Wagonjwa mahututi kule huonwa kuanzia saa nane mchana. Asubuhi utafanya nini?"

Mji mkubwa namna ile, baridi namna ile, nami sikuwa na jambo lolote la kufanya ndani yake. Nikaandika: kungoja. Hilo nalo mara saba.

Faksi iliingia saa sita kasoro dakika sita. Alikwenda nayo nyuma, akakaa, akarudi.

"Jumatatu saa tano, madame. Kabla ya hapo haiwezekani."

Ndege ingeondoka Jumatatu jioni. Ningefika kitandani pake Jumanne usiku, kama wangenifungulia mlango.

Nje theluji ilikuwa imegeuka matope. Simu ikalia, Papa Modeste.

"Alors, maman? Balikubali programme yetu?"

"Walikataa, papa. Nimeandika ingine." Nikamwambia kuhusu maua, na kuhusu Jumanne ambayo tuliipoteza.

"Maman, unisamehe."

"Mi njo nilisaini, papa."

"Leo jioni nitakusanya bantu bote. Tutafunga mpaka Jumatatu. Tutaomba Hénock apone."

Wiki tatu nilikuwa nimeomba hivyo, nikipiga magoti kwenye vigae vya watu nikiwa na kitambaa cha kufutia mkononi.

"Hapana, papa," nikasema. "Ombeni aifikie Jumanne."

"Jumanne tu, maman?"

"Jumanne tu."

Nikamsikia akianza kulia, nikakata simu, kwa kuwa ilinibidi kutafuta vocha ya kumpigia Nassoro.