Jiwe la Tini

Harub aliyachukia yale mawe tangu siku ya kwanza, kabla hata hajajua kwamba kila moja lina jina lake. Yalipangwa juu ya meza ndefu, kila jiwe limelazwa juu ya kipande cha gazeti kama samaki aliyekosa mnunuzi. Wanaume wazima wameizunguka meza, wameinamisha vichwa, wanangojea wasijue wanangojea nini.

"Hayatasema," akawaambia Ustadh Aflah. "Nyinyi ndio mtakaoyasemea."

Darasa lilikuwa ghorofani, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Matrah. Mwaka huo wa sabini kila kitu Maskati kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza, skuli, barabara, hospitali, na kila kinachoanza kinataka maji. Kampuni moja ya kuchimba visima ilikuwa inatafuta wasaidizi. Kazi ya msaidizi ni kukaa kisimani, kuokota vipande vya mawe vinavyotoka chini, kuvitambua, kisha kuvitaja kwa redio ili wakubwa walioko mjini wajue mashine imefika kwenye mwamba gani. Atakayefaulu atapewa kazi, na pamoja na kazi, vyumba viwili vya kampuni huko Sib.

Harub alivitaka vile vyumba kuliko hata kazi yenyewe. Tangu walipofika kutoka Dubai, yeye na mkewe Nasriya na binti yao Kheiria walikuwa wakikaa kwa Amur, mdogo wake Nasriya. Amur hakuwahi kumwambia shemegi yake neno baya, na hilo ndilo lililomuuma Harub. Angesema, angejibiwa. Lakini utamjibu nini mtu anayekwambia kila siku, "Shemegi, nyumba yako hii"? Mtu na miaka yake arubaini na tano, akitaka kupigilia msumari wa kutundikia kanzu, anakwenda kwanza kuomba ruhusa.

Kusoma hakukuwa jambo lake. Unguja aliacha skuli darasa la tano akapanda gari la karafuu la baba yake, kwanza kama utingo, halafu akaliendesha mwenyewe mpaka siku walipoondoka kwenda Dubai. Hata hivyo masomo ya mawe hayakumshinda kama alivyoogopa. Aflah alifundisha kwa Kiarabu, na Harub akayageuza kwa Kiswahili kichwani mwake. Kuna mawe ya moto, yaliyokuwa uji wa moto chini ya ardhi yakaganda. Kuna mawe ya mashapo, yaliyotuama chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, kama mashapo ya kahawa. Na kuna mawe yaliyogeuka, yaliyobanwa na kuchomwa mpaka yakaacha kuwa yalivyokuwa. Hayo aliyafahamu vizuri. Matata yalianzia mdomoni.

Siku moja Aflah aliinua jiwe la kijivu lililokwaruzika kwa ukucha.

"Ami Harub, hili?"

Harub alilijua. Jiwe la udongo. Udongo kwa Kiarabu ni twini, kwa te nzito inayoujaza mdomo mzima. Akafungua kinywa chake kwa furaha, akasema:

"Tini!"

Darasa likaripuka kwa kicheko. Tini, kwa te nyepesi, ni tunda.

"Ustadh, lioshe basi tulile!" akapiga kelele Suud, kijana wa hapo hapo Matrah aliyekuwa akikaa nyuma. "Lete na zeituni!"

"Kula wewe, mwenye meno," akasema Harub.

"La, ami, tini za kwenu Zinjibar ngumu mno. Mtu atang'oka meno yote!"

Aflah aliwangojea wanyamaze. Alikuwa kijana, lakini hakuwa mtu wa mzaha. "Ami Harub, mimi nimekufahamu kwa sababu jiwe liko mkononi mwangu na nnakuona. Kwenye redio hakuna jiwe wala hakuna uso. Yule aliyeko mjini ataandika alichokisikia. Unataka aandike kwamba kisimani Sib kumetoka tini?"

"Basi nitasema udongo."

"Sema kwa lugha atakayoifahamu."

Kuanzia siku hiyo Suud akamwita Abu Tini. Akiingia darasani, Abu Tini. Akikohoa, Abu Tini ameiva. Harub alikuwa na ngumi ya mtu aliyepakia magunia ujanani, na zaidi ya mara moja aliikunja chini ya meza.

Ramadhani ikaingia. Aflah akawaeleza kwamba jiwe la udongo, ukiligusisha na ulimi, linanata, lakini hilo watalijaribu baada ya Iddi. Kwa sasa wana ukucha, na wana kichupa cha tindikali: tone moja juu ya jiwe la chokaa, linatoka povu. Wenziwe wakaandika. Harub hakuandika kitu. Alikuwa amekaa, midomo inamcheza, te nyepesi, te nzito, te nyepesi, te nzito, na zote zinatoka sawasawa.

Nyumbani Nasriya akajitolea kumfundisha. Yeye alilelewa na bibi yake mzaa mama, mwenyeji wa huku, wa Sumail, na Kiarabu chake kilikuwa kimenyooka.

"Ujaze mdomo, Baba Kheiria. Fanya kama una tonge ya halua."

"Nimefunga. Usinitajie halua."

"Sema Twaha."

"Taha."

"Twahara."

"Tahara. Nasriya, mimi nnakusikia, na mimi nnasema vivyo hivyo unavyosema wewe!"

"Husemi."

"Nasema!"

Akainuka, akatembea chumbani kutoka ukutani hadi ukutani. Ni chumba kidogo, hatua zenyewe hazikutosha hasira zake. Ndipo alipokumbuka. Utotoni, nyuma ya nyumba yao Unguja, palikuwa na baraza la kadhi, na watoto walikuwa wakijibanza dirishani kusikiliza kesi za waliogombana. Kadhi alikuwa na neno moja alilolitamka kwa uzito wa kutisha, na watoto wakiliigiza njia nzima. Hilo Harub alikuwa nalo mdomoni tangu ana miaka saba.

"Ngoja," akamwambia mkewe, uso umemng'ara. "Nnalo neno. Sikiliza. Twa..."

Nasriya alimziba mdomo kwa kiganja chake. "Wazimu wewe? Unataka kuniacha?"

"Nnataka kutamka!"

"Talaka haifanyiwi mzaha, Baba Kheiria. Ukishaitoa imetoka. Katafute neno jengine."

Jengine hakuwa nalo. Basi alasiri, kila alipopata nafasi, akawa anakwenda Riyam, penye majabali pwani, mahali pasipokuwa na mtu wala mke. Anasimama anatazama maji na kuitia ile te nzito kwenye koo. "Twalaka!" Kisha upesi upesi, kabla ulimi haujasahau, "Twini!" Mara ya kwanza haikushika. Mara ya tatu ikashika. Akacheka peke yake. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mkono juu kama anayehutubia, na hakumwona bibi Bakhita, jirani yao, aliyekuwa akipita njia ya juu na mzigo wake wa kuni.

Kufika nyumbani magharibi, tende na maji vimewekwa ukumbini, lakini Nasriya hayupo. Amejifungia chumbani. Amur amekaa peke yake, amekunja uso, jambo ambalo Harub hakuwahi kuliona.

"Shemegi," akasema Amur, "fungua kwanza, kisha unieleze. Nimesikia umemuacha dada yangu."

"Nani?"

"Wewe. Umemuacha mbele ya bahari. Bibi Bakhita amekuja hapa analia. Anasema umetoa tatu, na baada ya kila moja unataja udongo. Anasema labda unaapa kwa udongo wa kaburi."

Harub akakaa chini. Akaeleza yote: mawe, redio, te nyepesi, te nzito, kadhi wa Unguja. Alipokuwa akieleza alijisikia namna anavyosikika, na kila neno lilimzidishia aibu. Mabega ya Amur yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu yake.

"Hukumtaja jina?"

"Nimtaje vipi? Nilikuwa nasoma!"

"Alhamdulillahi. Hata hivyo kesho nitamuuliza sheikh, dada mwenyewe aridhike. Kula tende, shemegi."

Sheikh alisema mtu anayejifunza kutamka hakukusudia, ndoa iko pale pale. Nasriya alitoka chumbani, lakini kwa siku nyingi alimsemesha mumewe kwa kupitia Kheiria. "Mwambie baba yako chai iko tayari." Na Kheiria, aliyekaa hapo hapo kati yao, anasema, "Baba, chai iko tayari." Harub aliyavumilia yote hayo. Te nzito alikuwa ameshaipata.

Baada ya Iddi ukaja mtihani. Waliitwa mmoja mmoja. Aflah alikaa upande mmoja wa meza, mzungu wa kampuni upande mwengine, na baina yao mawe matatu, glasi ya maji na kichupa cha tindikali.

Jiwe la kwanza lilikuwa jeusi, zito. Harub akasema la moto, akataja jina lake. Sawa. La pili lilikuwa limegeuka, linametameta. Sawa tena. Mzungu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

La tatu lilikuwa la kijivu. Harub akaligusa kwa ukucha, likakwaruzika, na moyo ukamruka. Hili ndilo aliloligombania na mkewe, na jirani, na Suud, na ulimi wake mwenyewe. Hakulipeleka ulimini. Hakukitazama kichupa. Akaujaza mdomo, akasema:

"Twini!"

Ilitoka kama imetoka kwa kadhi mwenyewe. Aflah akamtazama kwa muda.

"Ami Harub, matamshi hayo hata mimi sina."

Kisha akachukua kichupa, akatia tone moja juu ya jiwe. Povu likatoka, jeupe, linachemka.

Chokaa laini. Harub alilitazama lile povu mpaka likaisha. Mtu wa Unguja, aliyezaliwa baina ya kuta za chokaa, ameambiwa na jiwe lenyewe.

"Nirejeshee, nijaribu tena."

"Siwezi. Ungesema hivyo kisimani, mjini wangesema hapana maji, ihamisheni mashine. Kumbe maji yako kwenye chokaa."

"Miezi yote hii mmenichosha kwa herufi moja!" Sauti ilimpanda, na mzungu akasogeza kiti chake nyuma. "Herufi, herufi! Nani aliyeniambia habari za povu?"

"Mimi," akasema Aflah taratibu. "Ramadhani. Ulikuwa umekaa pale dirishani, unacheza na midomo yako."

Harub akainuka. Akavaa viatu vyake mlangoni, akageuka.

"Darasa jengine lini?"

"Baada ya Iddi Kubwa."

"Niandike."

Nasriya alikuwa anamngojea ngazini. Siku hiyo hakumtuma Kheiria. "Je?"

"Nimeanguka."

"Kwa twini?"

"Kwa chokaa."

"Chokaa!" Akataka kusema zaidi, akaona uso wa mumewe, akaacha.

Harub akampita, akaingia ukumbini Amur alikokuwa akinywa kahawa, akasimama mbele yake bila ya kukaa.

"Amur, sikufaulu. Tutakuwapo hapa mpaka darasa la baada ya Iddi Kubwa, na mtihani wake."

"Shemegi, nyumba yako hii."

"Si yangu," akasema Harub. "Ingekuwa yangu nisingekuja kukwambia."

Amur alikiweka kikombe chini. Nasriya alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Haya," akasema Amur mwishowe. "Mpaka mtihani huo."

Harub akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani, akavua kanzu na kujilaza ameelekea ukutani. Walimwita chakula cha mchana mara mbili, hakutoka.