Siku ya Kisigino

Ísleifur alimaliza shule akiwa na alama tisa na nusu kati ya kumi katika ufumaji, na maisha yake yote hakuwahi kufuma hata kitanzi kimoja. Soksi zake, glavu zake, hata ile kofia iliyotundikwa miaka mitatu ukutani mwa ofisi ya shule, vyote vilitoka vidoleni mwa bibi yake, Fjóla. Majirani walisema kondoo wakimwona bibi huyo dirishani na sindano zake, huanza kutetemeka kwa baridi hata sufu ikiwa bado mwilini.

Siri hiyo ingelala salama kama asingekwenda kuwa mwalimu. Kazi aliipata katika kijiji cha Kaldeyri, mahali ambapo upepo humvua mtu kofia kwanza ndipo umwamkie. Wanafunzi kumi na mmoja, walimu watatu. Katika shule ndogo hivyo mwalimu hachagui somo. Ragna, mkuu wa shule, mama mwenye sauti kama kengele ya kanisa, alimkabidhi hesabu, historia, kuogelea na ufumaji.

"Nimeona cheti chako. Tisa na nusu!" alimwambia. "Alhamisi nitakaa nyuma ya darasa lako la ufumaji. Nikiridhika, mkataba wako huu hapa. Nisiporidhika, ndege ya Ijumaa haijai."

Watoto walikuwa wameshafuma shingo ya soksi. Kilichofuata Alhamisi kilikuwa kisigino. Jumatano mchana Ísleifur akampigia bibi yake simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda?"

"Bado. Bibi, kisigino cha soksi kinafumwaje?"

"Kisigino?" Fjóla akakohoa. "Mimi nilikuwa nafuma mguu na vidole, mwanangu. Visigino nilikuwa nampelekea Steinvör wa jirani. Nampa keki, ananipa kisigino."

"Basi nipe namba yake."

"Steinvör alifariki mwaka juzi. Na hata yeye nilimtilia shaka. Hakuwahi kufuma mtu akimtazama."

Ísleifur alipoweka simu chini, kando ya hofu yake kilikuwa kimeshaota kitu kingine: hamu ya kujua. Akamuuliza mwenzake Bjartmar, mwalimu wa sayansi, aliyekuwa amevaa soksi nene kama magunia.

"Mimi? Muulize mke wangu."

Mke akasema anayejua ni mama yake. Mama yake akasema ni dada yake, naye yuko Norwe. Mgawa barua akasema anaijua kazi hiyo vizuri sana, ila leo ana haraka. Kufikia saa ya chakula cha jioni, Ísleifur alikuwa ameuliza nusu ya kijiji. Miguu mia moja yenye joto, na hakuna aliyewahi kuona kisigino kikizaliwa!

Alhamisi watoto waliacha viatu mlangoni kama kawaida, wakaketi na soksi zao. Ragna akajikunja nyuma kwenye kiti cha mtoto, daftari gotini. Svanlaug, msichana wa miaka kumi mwenye ulimi mkali kuliko mkasi, akainua sindano zake.

"Mwalimu, tukifika hapa bibi yangu hunituma nikamletee kahawa. Nikirudi, kisigino kimeshaingia. Leo utatuonyesha wewe, siyo?"

Ísleifur akaitazama kalamu ya Ragna.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Kufuma. Alama zangu ni za bibi yangu. Na kisigino, hata bibi hakijui."

"Kumbe mwalimu mwizi wa alama!" akapiga kelele mtoto wa dirishani.

"Mwizi kabisa. Lakini nataka kujua kuliko nyinyi wote." Akavua soksi ya mguu wa kulia, akaiweka mezani. "Hii ilifumwa na mtu aliyejua. Tukiifumua taratibu, itabidi iseme."

Wakaanzia vidoleni. Mmoja alivuta uzi, mmoja aliuviringa, mmoja alichora ubaoni. Wayo ukayeyuka upesi, uzi ukizunguka na kuzunguka. Ghafla Svanlaug akapaza sauti.

"Ngoja! Umeacha kuzunguka!"

"Unafanyaje?"

"Unaenda na kurudi, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Na kila safari unaishia kitanzi kimoja kabla!"

"Hesabu! Andika!"

Katika kelele zile hakuna aliyeona kiti cha nyuma kikisogea. Kilisogea tena. Mwishowe mkuu wa shule alikuwa amepiga magoti sakafuni, daftari limesahaulika, uzi mkononi.

"Rudini kidogo," alisema. "Hapo nimepitwa."

Kengele ilipolia, kwenye sindano kulikuwa na visigino kumi na viwili. Cha kumi na mbili, kilichopinda kama pua ya bondia, kilikuwa cha Ísleifur, kwenye shingo iliyobaki ya soksi yake.

Watoto walipotoka, Ragna alifunga mlango.

"Nilifundisha ufumaji miaka kumi na tisa kabla sijawa mkuu," alisema kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa ya kengele. "Kila mwaka, siku ya kisigino, niliugua."

Akamsukumia mkataba. Sakafu ilikuwa baridi, kwa hiyo Ísleifur alisaini akiwa amesimama mguu mmoja kama korongo.

"Vizuri," alisema Ragna. "Sasa nivulie na soksi ya kushoto. Ile ya kwanza sikuuona mwanzo wake."